Mamluki

Jumamosi moja ya kiangazi kilichopita nilisimama kando ya uwanja wa mchanga hapa Ujiji nikitazama timu za shule mbili zikipambana. Kijana mmoja mwembamba wa wingi ya kushoto alimpiga chenga beki wa kwanza, akamvisha kanzu wa pili, na mpira ulipotua akaupitisha katikati ya milingoti. Shangwe hazijatulia, sauti ikapanda kutoka upande wa pili: "Mamluki! Mamluki huyo! Si wa shule ile!" Wenzake wakaipokea kama waitikiaji wapokeavyo kibwagizo. Yule kijana, aliyekuwa akikimbia na mikono juu, akaishusha, akarudi katikati ya uwanja akitazama chini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na neno hilo nimelisikia viwanjani kwa zaidi ya miaka arobaini. Hata hivyo siku ile sikungoja kipenga cha mwisho. Nilirudi nyumbani, nikaitoa kamusi rafuni, nikaanza kulifuatilia neno ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nalikwepa.

Wapenzi wa lugha wanajua kwamba mamluki, katika matumizi ya kawaida, ni askari wa kukodiwa: mtu anayepigana vita visivyo vyake kwa ajili ya malipo. Viwanjani limepata maana ya jirani, yaani mchezaji aliyeingizwa katika timu isiyo yake kinyume cha kanuni. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "aliyemilikiwa", yaani mtumwa. Mzizi huohuo wa m-l-k ndio uliotupa milki, kumiliki na hata malkia. Mamluki wa kale walikuwa vijana walionunuliwa, wakafunzwa silaha na kupandishwa farasi. Huko Misri walipata nguvu hata wakaitawala nchi tangu mwaka 1250 mpaka 1517. Kwa hiyo neno tunalomtupia mtoto wa shule kwa kosa la kufunga bao zuri limebeba ndani yake mnada wa watu. Nasi tunalipazia sauti hapa Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ambako watu walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu.

Lakini kilichonikimbiza uwanjani hakikuwa elimu ya asili ya maneno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu cha magharibi mwa nchi, ambacho jina lake nitaliacha. Nilikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya chuo na, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, nikafanywa pia katibu wa timu. Daftari la msimu lilikuwa mikononi mwangu: orodha ya wachezaji, tarehe, wafungaji, na maelezo mafupi ya kila mchezo, niliyoyaandika kwa lugha ya mbwembwe niliyodhani ndiyo ufasaha. Ninalo mpaka leo.

Wingi ya kulia alicheza kijana tuliyemwita Mgebuka. Watu wa Kigoma hawahitaji maelezo. Kwa walio mbali, mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mwembamba, mwepesi, mwenye kung'aa ubavuni. Alikuwa mwana wa mvuvi. Baba yake alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, lakini yeye mwenyewe alisoma shule ya msingi papa hapa Ujiji, na jina lake lilikuwa katika rejista ya chuo kama langu. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo. Alisema "mupira" na "mutu", na "batu bote" pale tuliposema watu wote. Mimi, mlinzi wa lugha niliyejiteua mwenyewe, nilimsahihisha mbele za watu. Alicheka, akasema "mpira" siku hiyo, na kesho yake akarudia "mupira".

Msimu ule tulicheza michezo 8 kabla ya ule wa kombe. Tulishinda 5, tukatoka sare 2, tukapoteza mmoja. Daftari linaonyesha mabao 14, na kati ya hayo 7 yana jina la mtu mmoja.

Siku mbili kabla ya mchezo wa kombe wapinzani wetu walikata rufaa: Mgebuka ni mamluki. Hawakusema kwamba hayumo katika rejista. Walisema si raia, ametoka ng'ambo, na kwa hiyo hata uanachuo wake ni wa mashaka. Mkubwa mmoja wa michezo akaniita. Hakutaka maneno mengi. Aliniambia niandike orodha mpya isiyo na jina lile, "ili tusiharibu sherehe". Msomaji, rejista ilikuwa ofisini, mwendo wa hatua hamsini. Ningeweza kwenda kuileta. Ningeweza angalau kuuliza swali. Sikufanya lolote kati ya hayo, na sababu yake naiandika leo kwa mara ya kwanza: mchezaji wa akiba wa wingi ya kulia nilikuwa mimi.

Nilichukua rula ili mstari unyooke. Nikakata jina lake, nikaandika langu juu yake.

Tulishinda 1–0. Picha ya siku ile ipo ukutani mwa sebule yangu. Nimechuchumaa safu ya mbele, wa pili kutoka kulia, mahali pake. Mgebuka alikuwa nje ya mstari ameshika ndoo ya maji ya kunywa. Nilipompita aliniambia, "Hakuna neno, Katibu. Mupira ni ya bote." Siku hiyo sikumsahihisha.

Aibu yangu ina tabaka la pili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema. Alikuwa hodari wa kusimulia, ila habari ya kufika kwake Ujiji aliimaliza kwa neno moja: "Tulivushwa." Kauli ya kutendeshwa niliisoma shuleni, nikaijibia mitihani, nikaifundisha kwa miaka mingi, na bado sikuwahi kumsikia bibi. Hakusema "tulivuka". Alisema "tulivushwa", na aliyewavusha hakumtaja. Mjukuu wa mtu aliyevushwa ziwa ndiye aliyeshika rula.

Baada ya kufunga kamusi nilianza kusoma habari za kandanda ya vyuo katika nchi zetu. Nadhani nilitafuta faraja: nilitaka kusoma kwamba palikuwa na zamani ambapo timu ya chuo ilikuwa ya wenyewe kwa wenyewe, na kanuni zikajulikana. Nikaanzia mwanzoni, Kiungani, Unguja.

Sheria za mchezo huu ziliandikwa London mwaka 1863. Mwaka uliofuata, Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja. Misheni hiyo ilitokana na hotuba alizozitoa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, Livingstone yuleyule ambaye Stanley alimkuta hapa Ujiji mwaka 1871. Sultani akamkabidhi askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa mbegu ya shule, na shule ikakua ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini mwa mji. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akapewa ukasisi mwaka 1890. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa shule za misheni ile kuhusu walikotoka na yaliyowapata, na mwaka 1888 likaanza gazeti la Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili.

Na mpira ulikuwapo. Vijana wa Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika pwani hii kucheza mpira wa miguu, na walimu waliotoka pale waliubeba mchezo pamoja na chaki walipopelekwa bara. Mwanzoni mwa karne ya 20, chuo kikiwa chini ya Frank Weston, aliyekuwa mkuu wake kuanzia 1901 hadi 1908, kizazi cha waliokombolewa majahazini kilikuwa kinapisha kizazi cha vijana waliotumwa kutoka vituo vya misheni: Bonde, Masasi, upande wa Nyasa. Jaribu kuipanga timu yao uwanjani. Golini msimamishe Mmakua. Mabeki wawe Wabondei. Katikati mweke Myao, na pembeni Mnyasa. Kwa wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama, lakini ndiyo lugha waliyokuwa nayo wote. Namwona yule wa pembeni akiomba pasi kwa lugha ambayo mama yake hakumwimbia, naye mwenzake akimwelewa kwa sababu yeye pia amejifunza.

Neno letu msimu nalo ni la Kiarabu, na pwani lilihusu pepo kabla ya kuhusu mpira. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi, na wafanyabiashara waliokuja nayo waliitwa wageni wa msimu. Wale wavulana wa kwanza wa Kiungani nao walifikishwa Unguja kwa jahazi, ila kwao hapakuwa na kusi ya kuwarudisha. Walibaki, wakasoma, wakachapa vitabu kwa mitambo ya misheni, vikiwemo vya Edward Steere ambavyo vilisaidia kukipa Kiunguja maandishi yake. Kiunguja hichohicho ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Chuo chenyewe kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925. Lugha ilikuwa imekwisha kwenda mbali zaidi.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu niliijaribu ile kanuni ya rufaa juu ya timu ya Kiungani. Kichwani mwangu nikachukua rula ileile. Huyu wa kutoka Masasi, je, ni mwenyeji? Nikakata. Huyu wa Nyasa? Nikakata. Huyu ambaye baba yake alishushwa jahazini? Nikakata. Mwenyeji ni mwenye mji, na kwa kipimo hicho mji ungebaki na uwanja mtupu na mpira uliokosa wa kuurusha. Nikaijaribu pia juu ya Ujiji, mtaa kwa mtaa, kuanzia nyumba ya bibi yangu. Sikufika mbali.

Kisha nikakutana na neno lililonikalisha chini. Watu wa misafara waliovuka ziwa na Kiswahili chao walijiita waungwana, yaani watu huru. Wengi wao hawakuwa wazaliwa wa pwani. Walikuwa watu wa bara walioichukua lugha na kujivika jina hilo. Ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana. Lugha niliyokuwa nikimcheka Mgebuka ilibeba jina la uungwana. Na ile "mu-" yake niliyoisahihisha mbele za watu ndiyo umbo la kale la kiambishi chetu cha "m-". Sisi ndio tuliomeza irabu. Basi nilimkata kwa jina la mtumwa mtu aliyekuwa akizungumza lugha ya watu huru, na nilijiona mjuzi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibirizi kumtafuta. Nilichagua siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa huzipumzika: taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki mwezi ukiwa mpevu, na mitumbwi hulala ufukweni. Mgebuka alifundisha miaka mingi, kama mimi, kisha akairudia kazi ya baba yake. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha mtumbwi akishona wavu.

"Katibu," alisema kabla sijamwamkia. "Umenenepa."

Tukacheka, tukaulizana hali za watoto na wajukuu. Kisha nikatoa daftari. Nyumbani nilikuwa nimeandika jina lake upya, kwa wino mweusi, pembeni ya pale nilipolikata. Akavaa miwani. Alisoma ukurasa wote polepole, majina yote, hata ya marehemu, na penye majina ya marehemu alikuwa akitulia kidogo.

"Umenirudisha," alisema.

"Nimekurudisha, ndugu yangu. Na nimekuja kukuomba radhi. Nafasi ile niliitaka mimi."

"Nilijua." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Sasa hapa tuko kumi na wawili. Atoke nani?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa akicheka. Akachukua kalamu aliyokuwa akiandikia hesabu za ndoo za dagaa, akanipa. Nililiweka daftari juu ya ukingo wa mtumbwi na kulikata jina langu. Rula sikuwa nayo, na mkono siku hizi unatetemeka.

Aliinama kuutazama ule mstari. "Hainyooke," alisema.

Ulimi wangu ulikwisha kujipanga kusema "haukunyooka". Nikaumeza. Akanisogezea kigoda, akarudi kwenye wavu wake, tukakaa mpaka jua lilipozama upande wa Kongo. Habari ya radhi hakuirudia, nami sikumhimiza. Picha sikuwa na la kuifanyia. Bado ipo ukutani, na wajukuu wakiniuliza nitawaambia ni mahali pa nani nimechuchumaa.

Watunzi wenzangu, sisemi neno mamluki lifutwe. Maneno hayafutwi kwa rula, na kanuni za michezo zina haki ya kuwa na jina la udanganyifu. Ninachoomba ni kwamba, kabla hatujamtupia mtoto neno hilo kutoka kando ya uwanja, tukumbuke lilikotoka, na tukumbuke pia timu ya kwanza ya chuo iliyojifunza kuitana kwa Kiswahili ilikuwa ya watu gani. Yule kijana wa Jumamosi nilimtafuta baadaye. Ni mwanafunzi halali wa shule yake. Alihamia hapa mwaka jana.

Ubeti huu niliuandika usiku niliporudi kutoka Kibirizi. Ni wa Mgebuka:

Kitabu nakifungua, jina lako narejesha,
Nilifuta nikijua, haya leo yanichosha,
Wewe si wa kununua, wala si wa kukodisha,
Mwungwana nakutambua, mchezo haujaisha.